Mmea Uliosahauliwa Miezi Mitano, na Mabingwa Wengine wa Kuvumilia

Niliondoka Dar es Salaam mwezi wa tisa kwenda Tanga kumuuguza mama. Nilifungasha nguo za siku kumi. Nilirudi mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mama akiwa ameshaweza kutembea mwenyewe mpaka uani, na nilipofika mbele ya mlango wangu, ufunguo mkononi, ndipo nilipokumbuka kwamba ndani mle niliacha vyungu tisa vya maua na sikumwambia mtu yeyote aje kuvimwagilia.

Mrehani ulikuwa umebaki vijiti. Makangaga yalipukutika nilipoyagusa. Ua la Usambara, lile dogo la zambarau nililopewa na dada yangu, halikuacha hata alama ya jani. Mwasumini nilioulea tangu ukiwa kipande cha shina ulikuwa mkavu mpaka ncha zake zikivunjika kama njiti za kiberiti. Niliketi sakafuni, na sitaficha kwamba niliumia, maana mmea wa chungu hauna njia ya kujitafutia maji na mimi ndiye niliyeufungia ndani.

Kwenye pembe ya sebule, mahali ambapo jua halifiki, kilikuwapo chungu cha tisa. Udongo wake ulikuwa umenywea na kuachana na ukingo wa chungu, ukaacha ufa wa kupitisha kidole. Mmea uliokuwamo ulikuwa umedondosha vikonyo viwili kati ya saba. Vitano vilivyobaki vilisimama wima, na majani yake yaling'aa kama yaliyopakwa mafuta asubuhi ileile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya habari za mimea ya kudumu iliyoachwa, ikasahauliwa, ikaunguzwa au ikazikwa, kisha ikaendelea kuishi. Hapa ninaleta ile ninayoona ina haki ya kuitwa vinara wa rekodi. Ninaanza na bingwa wangu, naye nitampa nafasi kubwa kuliko wengine, kwa sababu ni wa kwetu.

Bingwa wa sebuleni

Wauza maua wengi huufupisha kwa herufi mbili tu, ZZ. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Ukiuliza kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo unaweza kuambiwa kuwa ni mmea wa Ulaya, au wa China, na bei utakayotajiwa ni ya mgeni. Ukweli ni kwamba kwao ni huku: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, hadi kaskazini mashariki ya Afrika Kusini. Huota wenyewe katika misitu mikavu na penye mawe, kwenye nchi yenye masika, vuli na miezi mirefu ya kiangazi katikati.

Wazungu waliuandika vitabuni mwaka 1829, pale kampuni ya miche ya Loddiges, iliyokuwa Hackney jijini London, ilipouchora na kuupa jina. Kwa zaidi ya karne moja na nusu baada ya hapo ulikaa kwenye bustani za wataalamu bila kuwashughulisha watu wengi. Kisha, karibu na mwaka 1996, wakulima wa maua wa Uholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi, na katika miaka michache ukaenea kwenye ofisi, hoteli na benki za dunia nzima. Mmea wa pwani yetu ukaturudia ukiwa ndani ya chungu cha plastiki, na wenyeji wake tukaununua kama kitu kigeni.

Waliokuwa wakiishi nao porini hawakuungoja Uholanzi. Wasambaa wamekuwa wakitumia mizizi yake juu ya vidonda, na katika Usambara Mashariki majani yaliyopondwa yamekuwa dawa ya kubandika kwa ule ugonjwa unaoitwa mshipa. Wilaya ya Mulanje, Malawi, utomvu wa majani hutiwa kwenye sikio linalouma. Sikushauri uige: mmea huu una chembe za kalsiamu oksaleti, nazo huwasha ngozi na mdomo. Ninachotaka ujue ni kwamba ulikuwa na majina, kazi na wenyewe muda mrefu kabla ya kupata lebo ya bei.

Sasa rekodi yake. Mmea huu umethibitika kustahimili miezi minne bila maji katika mwanga hafifu wa ndani ya nyumba, na bado uonekane wa kuuzika. Wangu ulipita mwezi wa tano. Siri yake ukiipasua utaiona kwa macho. Chini ya udongo una viazi vinene, vya rangi ya udongo mkavu, vinavyofanana na viazi mviringo vilivyosongamana. Jani lake ni maji kwa asilimia kama 91, na kikonyo kwa asilimia kama 95. Kwa hiyo kila unachokiona kimesimama pale sebuleni ni mtungi. Kiangazi kikizidi, mmea huanza kudondosha majani yake madogo moja baada ya jingine, na kila jani lililoanguka lina uwezo wa kutoa mzizi na kiazi kipya likipata udongo wenye unyevu. Mambo yakiwa mabaya kabisa huachia majani yote na kubaki na viazi tu, ukisubiri mvua.

Lipo jingine. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa, na wakati huohuo maji hutoroka. Watafiti wamegundua kwamba ZZ ukibanwa na ukame unaweza kuvuta sehemu ya hewa yake usiku, jua likiwa limezama, kwa njia ileile inayotumiwa na nanasi na dungusi. Katika ukoo wake, ambao ndio ukoo wa magimbi, uwezo huo ni wa nadra mno. Gimbi ni mtoto wa bondeni na hutaka maji miguuni, lakini ndugu yake huyu alijifunza kuishi juu ya mawe.

Wauzaji wanaojali watakuonya jambo moja: anayeua mmea huu ni yule anayeupenda kupita kiasi. Ukimwagilia kila siku viazi huoza, vikonyo hulainika chini na kulala, na mwenye nyumba akiona hivyo hudhani una kiu, anaongeza maji. Nimeona kifo hicho kwenye ofisi tatu tofauti.

Sitini na mbili waliofika

Rekodi ya pili nimeipata nyumbani kwa mama, maana Tanga imejengwa juu yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza kutoka Florida, Marekani, vimiche 1,000 vya mkonge. Vilifungwa, vikapelekwa kwanza Hamburg, na njiani vingi vikafa. Vilivyopakiwa meli na kufika pwani ya Tanga vikiwa hai vilikuwa 62.  Vilivumilia kama mizigo.

Kutokana na vimiche hivyo 62, miaka 20 tu baadaye koloni la Wajerumani lilikuwa linasafirisha zaidi ya tani 20,000 za nyuzi kwa mwaka. Kufikia mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 na ilikuwa ya kwanza duniani. Sijui mmea mwingine wa kudumu ambao mabaki ya shehena iliyokufa yamezaa mashamba makubwa namna hiyo, reli zake, kambi zake za manamba, na miji. Walioumia kwenye mashamba hayo ni wengi, nao wanastahili maandishi yao wenyewe. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao na hakuwahi kuusifia mkonge mbele yetu. Lakini mmea wenyewe ulivumilia. Nyuzi za plastiki zilipoangusha bei na mashamba mengi yakatelekezwa, mkonge uliendelea kusimama katikati ya majani marefu, hakuna anayepalilia, ukitoa mlingoti wake mara moja tu maishani, na juu ya mlingoti huo mamia ya vimiche vinavyodondoka na kushika udongo vyenyewe.

Binamu yake wa Mexico, Agave americana, anashikilia rekodi ya kusubirisha watu. Mmoja aliyeletwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1934 alikaa ndani ya nyumba ya vioo miaka 80 bila kutoa ua. Mwaka 2014 ulichomoza mlingoti ghafla, ukakua kwa kasi hata wahudumu wakalazimika kuondoa kioo cha paa ili upite.

Nataka niseme neno pia juu ya mwenzao aliyeshindwa nyumbani kwangu. Mwaka 1892, mwaka mmoja kabla ya vimiche vya Hindorf, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau huko Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Likapewa jina la Saintpaulia, na leo lipo kwenye madirisha ya mamilioni ya watu. Hilo halivumilii. Linataka kivuli cha msitu, ukungu, na mwamba unaotoa jasho. Jamii zake za porini ziko hatarini kwa sababu misitu inakatwa, na mmea wa aina hiyo ukipoteza msitu wake hauna kiazi cha kujificha.

Wale tusiowapenda

Mkulima atanisuta nikisifu ndago, lakini orodha ya wavumilivu isiyo na ndago ina kasoro. Mwaka 1977 jopo la wataalamu wa magugu lilichapisha kitabu kikubwa cha magugu mabaya zaidi duniani, na ndago, Cyperus rotundus, likawekwa namba moja. Limeripotiwa katika nchi zaidi ya 90. Ukiling'oa unashika majani tu. Chini kuna mnyororo wa viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi, na nyuzi hizo hukatika kwa makusudi, tuseme, ili kila kiazi kibaki na maisha yake. Jembe linalokatakata hulizidisha. Bibi yangu wa Muheza alikuwa akiwaachia kuku kwenye shamba la ndago, akisema wao ndio jembe pekee ambalo ndago halilicheki.

Hata hivyo watu wa kale walilila. Mwaka 2014 wanaakiolojia walieleza kwamba ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu waliozikwa Al Khiday, kando ya Nile Nyeupe nchini Sudan, ulikuwa na mabaki ya kiazi hiki, na meno ya baadhi yao yalikuwa na mashimo machache kuliko ilivyotarajiwa. Ukoka nao ni wa kundi hili: ukikanyagwa na wachezaji, ukaunguzwa na jua la Januari, ukaliwa na mbuzi, mvua moja tu unarudi.

Mkongwe ndani ya chungu

Mmea unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote iliyomo ndani ya chungu uko Kew, London, nao ni Mwafrika. Ni wa ukoo wa sikadi, Encephalartos altensteinii, ulichukuliwa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, na Francis Masson, mtu wa kwanza kutumwa na bustani ya Kew kwenda nchi za mbali kukusanya mimea. Ulifika mwaka 1775. Wakati huo Marekani haijatangaza uhuru wake. Tangu hapo umehamishwa kutoka chungu hadi chungu, watunzaji wake wamekufa kizazi baada ya kizazi, na shina lake, ambalo sasa lina urefu wa zaidi ya mita 4 na limelala likiegemezwa kwa magongo, bado linatoa majani. Katika muda wote huo umetoa koni mara moja, mwaka 1819, na Joseph Banks, mshauri wa miaka mingi wa bustani ya Kew, wakati huo mzee na mgonjwa, alikwenda kuiona.

Ndugu yake wa karibu ana rekodi inayoumiza. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood aliona katika msitu wa Ngoye, KwaZulu-Natal, kichaka kimoja cha sikadi isiyofanana na nyingine. Kilikuwa dume. Hajawahi kuonekana jike popote. Shina la mwisho lililobaki porini lilihamishwa mwaka 1916, na kila mmea wa Encephalartos woodii uliopo bustanini leo ni chipukizi la dume lile moja. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walieleza jinsi wanavyotumia droni na akili mnemba kumtafuta jike katika msitu ule. Mpaka sasa hawajampata. Unaweza kuukatia mmea huo machipukizi na kuyagawa dunia nzima, na bado ukawa ni mmoja.

Iliyopita kwenye moto

Nyuma ya kanisa kuu la Hildesheim, Ujerumani, kuna mwaridi unaopanda ukutani, unaokadiriwa kuwa na miaka 700 hivi; wenyeji husimulia kuwa una miaka 1,000. Ndio unaotajwa kuwa mwaridi mkongwe kuliko yote ulio hai. Tarehe 22 Machi 1945 ndege za Washirika ziliteketeza mji ule. Kanisa liliporomoka, mwaridi ukaungua, na mizizi yake ikafunikwa na vifusi. Majira yaleyale ya kuchipua machipukizi mapya yalitoka chini ya vifusi hivyo.

Miezi michache baadaye, huko Hiroshima, baada ya bomu la atomiki, ilisemwa kwamba hakuna kitakachoota kwa miaka mingi. Oleanda ilichanua mapema kiasi kwamba watu wa mji ule waliishika kama ishara yao, na mwaka 1973 ikatangazwa rasmi kuwa ua la jiji. Ni oleanda hiihii ya maua ya waridi tunayoipanda kwenye nyua za nyumba na katikati ya barabara zetu, ambayo mara nyingi haipati maji mengine zaidi ya mvua. Kumbuka tu kwamba ina sumu kali, jani hata ua; watoto wasiichezee.

Wafu wanaoamka

Kwenye miamba ya Zimbabwe kuna kichaka kidogo ambacho Washona wanakiita mufandichimuka, maana yake kile kinachokufa kisha kikaamka. Kitaalamu ni Myrothamnus flabellifolia. Kiangazi kikifika hujikunja, hugeuka rangi ya kahawia, na majani yake husagika ukiyafikicha. Kinaweza kupoteza asilimia 95 ya maji yake. Mvua ikinyesha, majani hukunjuka ndani ya saa chache na kufikia kesho yake kichaka ni kijani. Ndani ya seli, maji yanapoondoka, sukari maalumu hujaza nafasi na kuganda kama kioo, ikashikilia kila kitu mahali pake. Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town ametumia miongo kadhaa kuchunguza mimea ya aina hii, akitumaini siku moja nafaka kama tefu ya Ethiopia itafundishwa kufanya hivyo. Kwa wakulima wa Dodoma na Kitui hakuna utafiti wa mimea ninaoutakia heri zaidi.

Jangwani Namib kuna Welwitschia, aliyoiona Friedrich Welwitsch kusini mwa Angola mwaka 1859. Ina majani mawili. Hayaongezeki wala hayadondoki. Hukua kutoka chini maisha yote huku upepo ukiyachana ncha, mpaka yaonekane kama rundo la vitambaa vilivyotupwa. Baadhi zinakadiriwa kupita miaka 1,000. Namibia imeiweka kwenye nembo ya taifa.

Mbegu zilizosahauliwa

Hapa rekodi zinakuwa ndefu mpaka akili inakataa. Katika miaka ya 1963 hadi 1965 mwanaakiolojia Yigael Yadin alifukua ngome ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana zikawamo kokwa za tende. Zilikuwa zimesahauliwa ardhini kama miaka 2,000. Kisha zikasahauliwa tena, safari hii kwenye hifadhi ya chuo kikuu, kama miaka 40. Daktari Sarah Sallon aliomba chache, na mwaka 2005 Elaine Solowey akazipanda katika kijiji cha Ketura. Moja ikaota. Wakauita Methusela, nao ukawa mtende dume. Baadaye kokwa nyingine za kale kutoka Jangwa la Yudea ziliota, zikiwamo majike, na mwaka 2020 mmoja wao aitwaye Hannah, aliyepewa chavua ya Methusela, alizaa tende 111. Tuliokulia pwani tunajua jinsi kokwa ya tende inavyotemwa bila kufikiriwa. Mimi sasa nazitazama mara mbili.

China, mbegu za yungiyungi takatifu zilizochimbwa kwenye tope la ziwa lililokauka ziliota baada ya miaka ipatayo 1,300.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni ua dogo jeupe la Siberia, Silene stenophylla, mmea wa kudumu usiofika hata gotini. Kando ya Mto Kolyma, mita 38 chini ya ardhi iliyoganda, wanasayansi wa Urusi walikuta mashimo ambamo kindi wa ardhini walikuwa wameweka akiba ya matunda na mbegu. Vipimo vilionyesha umri wa miaka karibu 32,000. Mbegu zilizokomaa hazikuota. Basi wakachukua nyama ya tunda changa, wakailea maabara, ikatoa miche, miche ikatoa maua, na maua yakazaa mbegu zilizoota. Habari ilichapishwa mwaka 2012. Wazee wetu walisema akiba haiozi, na kindi yule aliyeficha chakula chake asirudi kukila alitunza kitu ambacho hakikuoza kwa miaka elfu thelathini na mbili.

Wakubwa na wakongwe, kwa haraka

Nitapita upesi hapa, maana hakuna bustani inayoweza kuwabeba. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba majani ya baharini katika Shark Bay, Australia, aina ya Posidonia australis, yanayoenea kilomita 180, ni mmea mmoja tu uliojitandaza wenyewe kwa takriban miaka 4,500. Huko Tasmania kuna Lomatia tasmanica, kichaka cha maua mekundu kisichozaa mbegu hata moja. Tawi linaanguka, linatoa mizizi, linaendelea. Mabaki ya kale ya majani yanayofanana na yake kabisa yalipimwa yakaonekana kuwa na miaka isiyopungua 43,600. Ikiwa kichaka cha leo ni mwendelezo wa kile, basi kimekuwa kikijipanda chenyewe tangu binadamu wakiishi mapangoni.

Na yupo mtunza bustani mmoja wa Uingereza aliyesimulia mwaka 2013 kwamba alipanda mmea wa jamii ya Tradescantia ndani ya chupa kubwa ya kioo mwaka 1960, akaumwagilia mara ya mwisho mwaka 1972, kisha akaiziba. Maji yaliyomo hupanda kama mvuke, hugonga kioo, hurudi chini. Wapo wanaoitilia shaka tarehe hiyo. Mimi naweka rekodi hii mwisho kwa sababu inategemea neno la mtu, lakini jinsi chupa inavyofanya kazi ni kweli na unaweza kuijaribu kwa mtungi wa achari.

Chungu cha nane

Nirudi sebuleni. ZZ wangu niliupa kopo moja la maji, nikauacha wiki mbili, nikaupa jingine. Mwezi wa nne ulichomoza kikonyo kipya, cha kijani kibichi, kikiwa kimejikunja kama ulimi.

Kuhusu mwasumini, ambao ndio chungu cha nane, nilikuwa nimeshaubeba kwenda jalalani. Jirani yangu, mama mmoja wa Kizaramo aliyelima bustani za watu maisha yake yote, alinisimamisha mlangoni. “Mwanangu, umeukwaruza?” Akachukua shina karibu na udongo, akalikwaruza kwa ukucha. Chini ya gome kulikuwa na mstari wa kijani, mwembamba kama uzi. Alinikatia matawi yote, akaniachia kisiki cha urefu wa kiganja, akaniambia nikiweke kivulini na nisikizamishe. Siku ya ishirini na sita kilitoa macho mawili.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, ukirudi safari ukakuta mmea wako umekauka, usiutupe siku hiyo. Kwaruza shina kwa ukucha, chini kabisa, karibu na udongo. Kama ni mmea wa viazi au tunguu, fukua kidogo ubonyeze: kilicho kigumu kiko hai, kilicholainika na kunuka kimekwenda. Kata kilichokufa, weka chungu kivulini, mwagilia kidogo mara moja, kisha subiri udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Upe miezi miwili. Mwasumini wangu ulichanua mwezi wa kumi.